Nukta Thelathini Mbele ya Baba

Baba alipoteza maneno asubuhi moja, nyumbani Koboko, mji mdogo karibu na mpaka wa Sudan, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba na kikombe cha chai mkononi. Mama alinisimulia baadaye kwamba kikombe kilianza kuinama polepole, chai ikamwagikia mapajani, na baba akakitazama tu kama kikombe cha mtu mwingine. Mama akamwuliza kama ameungua. Baba akajibu, "Bado."

Mimi wakati huo nilikuwa Arua, katika chumba nilichopanga mtaa wa Awindiri, najiandaa kwenda chuo cha ufundi ninakofundisha mambo ya umeme. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni wakala wa forodha kule Oraba mpakani, ndiye aliyepiga simu. Alikuwa amepata gari na wako njiani wanamleta baba. Nilifika hospitalini kabla yao. Walipomteremsha, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia na upande mmoja wa mdomo umelegea. Nikamwita. Alinijua, niliona kwenye macho. Akafungua kinywa kunijibu, likatoka lile lile: "Bado."

Daktari aliyempokea alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Alitueleza kwa upole kwamba ni kiharusi, kimepiga upande wa ubongo unaotunza lugha. "Maneno mengi bado yako ndani," alisema. "Njia ya kutokea ndiyo imeharibika." Neno moja kubaki na kujibu kila kitu, alisema, si ajabu kwa wagonjwa wa namna hii. Alinipa karatasi yenye picha: kuku, mlango, jua, kijiko. Tuwe tunamwonyesha kila siku. Mtaalamu hasa wa kufundisha usemi alikuwa mbali, na baba hakuwa mtu wa kusafirishwa safari ndefu kwa hali ile.

Tulirudi naye Koboko baada ya wiki mbili. Chuo kilikuwa kinafunga, kwa hiyo nikabeba kompyuta yangu na nguo chache, nikahamia kwa wazazi kwa muda wa likizo yote.

Lazima niseme baba alikuwa nani. Katika ujana wake alikuwa askari, mtu wa redio, wa kupeleka na kupokea taarifa. Serikali ilipopinduliwa na jeshi lile kuvunjika, alikimbilia Sudan kama wengi wa kwetu, na huko akaishi kwa kutengeneza redio za wakimbizi wenzake. Aliporudi akafungua kibanda sokoni Koboko. Alitulea kwa Kiswahili cha kambi za jeshi, na mimi binti yake wa mwisho alinifundisha kusoma rangi za rezista, vile vidude vya kupunguza mkondo, kabla sijajua kuandika jina langu. Hakusoma hesabu za saketi. Aliisikiliza saketi, akabadili kitu kimoja, akaisikiliza tena. Kwa sababu yake nilisoma umeme, na kwa sababu yake, nikiwa tayari mwalimu, niliomba nafasi ya kusomea shahada ya pili chuo kikuu Kampala, nikifanya utafiti wangu huku huku.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Nilitakiwa kubuni amplifaya ndogo sana, ya kukaa ndani ya chipu, ya kukuza mawimbi hafifu kama yale ya mapigo ya moyo, na isile umeme mwingi. Saketi ya analogi ya namna hiyo ina vipimo vingi vinavyogombana. Ukiongeza nguvu ya kukuza, inakuwa ya polepole. Ukiiharakisha, inakula umeme. Ukiupunguza umeme, kelele zinaingia. Nilikuwa na vipimo kumi na viwili vya kuchagua, upana wa transista hii na ile, mikondo, ukubwa wa kapasita moja ya kuituliza saketi, na mtu akivibahatisha kwa mkono anaweza kuzeeka.

Kwa hiyo kazi ya kuchagua niliipa programu inayotumia kile wataalamu wanachokiita akili ya kundi. Ni kama ndege wanaotafuta mtama shambani. Unatupa nukta thelathini ovyo ovyo, na kila nukta ni saketi moja yenye vipimo vyake. Kompyuta inaipima kila moja. Nukta inakumbuka mahali pake pazuri kuliko pote ilipowahi kupita, inatazama mwenzake aliyefanikiwa zaidi yuko wapi, kisha inajivuta kidogo huku na kidogo kule. Inapimwa tena. Hakuna nukta hata moja inayojua amplifaya ni nini, lakini kundi zima, zamu baada ya zamu, linasogea kwenye mtama. Nilikuwa nimezichora kwenye skrini kama vitone vya manjano juu ya giza, ili nione zinakoelekea.

Niliweka meza barazani, karibu na waya ulioshuka kutoka kwenye sola ya paa. Jua likiwaka, kompyuta inafanya kazi. Jua likizama, inalala. Asubuhi nilimwonyesha baba zile picha. Kuku. "Bado." Mlango. "Bado." Mara nyingine alijua kwamba amekosea, na aibu ilimjaa usoni mpaka nikaiweka karatasi chini, nikasema kichwa kinaniuma mimi.

Mama aliyavumilia mambo yangu siku tatu. Siku ya nne alisimama nyuma yangu, ungo wa karanga kiunoni.

"Wewe nasoma miaka mingi," alisema. "Sasa hii kitu iko natafuta nini?"

"Inatafuta vipimo vya amplifaya, mama."

"Na maneno ya baba yako, hii kitu hapana weza tafuta?"

"Hapana, mama."

Akazitazama nukta kwa muda. "Basi iko natafuta kitu kidogo," akasema, akaenda kukaa na karanga zake.

Sijui ni siku gani hasa baba alianza kuzitazama. Nakumbuka tu nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta amevuta kiti cha kamba mpaka mezani, mguu mbovu umeburuzwa ukiacha mstari kwenye vumbi, na kidole cha mkono wa kushoto kinafuata nukta moja kwenye skrini. Nukta ikiruka, kidole kinairukia. Uso wake ulikuwa umetulia. Tangu atoke hospitali sikuwahi kumwona ametulia hivyo akiwa macho.

Kuanzia hapo kila asubuhi, chai ikiisha, alinitazama, kisha akatazama meza. Nikaanza kuifungua kompyuta mapema kuliko nilivyohitaji. Tulikaa wawili, mimi na daftari langu la vipimo, yeye na nukta zake. Nilimweleza kila kitu kama ambavyo ningemweleza zamani kule kibandani: baba, hii iko nakula umeme kidogo, hii iko na kelele. Wakati mwingine alitikisa kichwa. Sikujua ananijibu mimi au anajibu nini.

Shida ilikuwa mwisho wa kila zamu. Kundi la namna ile lina tabia ya kukusanyika. Mwanzoni nukta zimetapakaa skrini nzima, baada ya saa moja zimekuwa makundi mawili matatu, na kufikia saa sita mchana zote thelathini ziko kwenye doa moja, hazitikisiki. Pengine hapo ndipo palipo bora, pengine zimedanganyana tu, zote zikamfuata mmoja aliyeona mtama kidogo akadhani ndilo shamba. Siku ya kwanza ziliposimama, baba alipiga meza kwa kiganja. "Bado!" alisema. Akapiga tena. "Bado! Bado!" Machozi yakamtoka. Mama alikuja mbio akidhani nimemwumiza.

Nilianzisha programu upya. Nukta zikatapakaa, na baba akapumua.

Nikawa naianzisha upya kila mara, hata pale ambapo zamu iliyokwisha ilinipa jibu la kutosha. Kwa njia hiyo, bila kutaka, niliitafuta ile saketi mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote mwenye haraka, na siku moja kundi likatua mahali pazuri sana. Nguvu ya kukuza ilipita kiwango nilichopewa, na ulaji wa umeme ulikuwa chini ya nilivyothubutu kuomba. Nilipiga kelele ya furaha. Nikafungua mchoro wa saketi yenyewe ili nimwonyeshe baba, transista zote na vipimo vyake vipya.

Baba aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka ncha ya kidole juu ya alama ya transista moja, akakiacha hapo. Akahamia ya pili. Ndivyo alivyokuwa akifanya kibandani kwa redio iliyo wazi, anagusa transista mojamoja kusikia ipi ina joto kupita kiasi. "Transista mgonjwa iko na homa," alikuwa akiniambia enzi hizo. Sasa alikuwa anagusa kioo.

"Baba, hii ni picha," nilimwambia. "Hapana kitu ya kugusa."

Nikauondoa mkono wake, nikaurudisha pajani. Aliurudisha kwenye skrini. Nikauondoa tena, safari hii kwa nguvu kidogo kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilikuwa na furaha yangu na sikutaka ichafuliwe na ugonjwa.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Arua kutuma matokeo, maana mtandao wa Koboko siku zile ulikuwa unakuja na kutoka. Nikalala Awindiri, nikafagia chumba, nikanunua sabuni ya mama. Siku ya pili msimamizi wangu akapiga simu kutoka Kampala. Ni mtu asiyepaza sauti.

"Kazi nzuri," alisema. "Umeipima kwa joto gani?"

"Lile linalokuja na programu."

"Nyuzi ishirini na saba."

"Ndiyo."

"Hapo ulipo leo ni ngapi?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, dirisha wazi, jasho linanitiririka mgongoni.

Alinieleza bila kunidharau. Alikuwa ameipandisha joto amplifaya yangu kwenye kompyuta yake, na ilipofika joto la chipu iliyofungiwa ndani ya kifaa juani, ilianza kupiga mluzi yenyewe bila kupewa wimbi lolote. Kundi langu, katika kubana umeme, lilikuwa limeipunguza ile kapasita ya kutuliza mpaka ukingoni kabisa. Halikufanya kosa. Nililiomba umeme kidogo kwa nyuzi ishirini na saba, likanipa. Sasa nianze upya, kila saketi ipimwe kwa joto la chini, la kati na la juu, na kwa transista zilizotoka kiwandani nzuri, wastani na mbovu.

Simu ilipokatika nilikaa nikiutazama mkono wangu wa kulia, ule nilioutumia kuuondoa wa baba. Sitasema kwamba baba alijua. Nimejiuliza mara nyingi, na ukweli ni kwamba mtu aliyegusa transista miaka arobaini anaweza kuigusa hata iliyochorwa, kwa mazoea tu. Lakini sikumpa nafasi. Hata kama alikuwa anasema kitu, mimi ndiye niliyemnyamazisha, katika lugha pekee aliyobaki nayo.

Niliporudi Koboko nilimwekea mchoro ule ule mbele yake. "Baba, joto? Ulitaka kusema joto?" Akanitazama. Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya transista. Ukakaa pale nilipouweka, kama kitu changu.

"Bado," akasema taratibu.

Nikaanza upya. Sasa kila nukta ilibidi ipimwe mara tisa badala ya moja, na ile kompyuta haikuwa na haraka. Zamu iliyokuwa ikiisha mchana mmoja ilitaka zaidi ya wiki ya jua, na jua lenyewe lilikuwa la msimu wa mvua. Mawingu yakija, betri inashuka, nukta zinasimama zilipo. Jua likitoka, zinasogea tena, kidogo, mara moja kwa dakika nyingi. Baba alikaa mbele yake asubuhi nzima kidole kimenyooka, akingoja nukta yake iruke. Nilijaribu kumweleza. Siku ya tatu hakuvuta kiti. Siku ya nne, mimi nikiwa nafua nyuma ya nyumba na mama akiwa kanisani, aliondoka.

Nilimtafuta kwa majirani, kisha mstari wa mguu wake vumbini ukanionyesha njia mpaka barabarani, nikajua. Kibanda chake sokoni sasa ni cha msichana anayeuza makava ya simu. Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda cha wateja, jasho limemlowesha, na yule msichana amesimama kando hajui afanye nini. Mtu mmoja aliyemkumbuka alikuwa amemletea redio. Ilikuwa magotini pake. Baba alikuwa ameshika bisibisi kwa mkono wa kushoto, anaielekeza kwenye skrubu, inateleza, anairudisha, inateleza. Plastiki ya redio ilikuwa imejaa mikwaruzo.

Kabla sijamfikia, mzee mmoja mwenye kofia, anayebadilisha fedha kwa madereva wa malori, alivuka njia akampigia saluti.

"Afande! Iko mzima?"

"Bado," baba akasema.

Mzee akacheka. "Bado nini, afande? Sisi yote nazeeka!"

"Bado. Bado."

Kicheko cha yule mzee kiliisha polepole. Alinitazama mimi, akaelewa. Akavua kofia, akachuchumaa mbele ya baba, akaishika ile redio pamoja naye, na wakakaa hivyo, wanaume wawili na redio moja. Mimi nilisimama. Nina cheti cha umeme, na ile redio ningeitengeneza kwa dakika kumi. Sikuigusa. Kama ningeichukua magotini pake mbele ya soko zima, ningekuwa nimemaliza kilichobaki.

Nilimrudisha kwa boda, yeye katikati ya dereva na mimi, nimemkumbatia kiunoni asianguke. Njia nzima alilia, nikausikia mwili wake ukitetemeka kifuani kwangu, nisiweze hata kumwona uso.

Wiki hiyo niliandika programu nyingine, ya baba peke yake. Haikuwa na saketi ndani yake. Ilikuwa nukta thelathini zinazocheza, zinakusanyika, na kabla hazijatulia ninazitawanya, tena na tena, haraka, na zinatumia umeme kidogo mno hata mawingu hayazisumbui. Nilidhani nimepata dawa. Nilimketisha mezani, nikaiwasha. Alizitazama kwa muda kama wa kunywa chai. Kidole hakikunyanyuka. Kisha akaushika ukingo wa kompyuta kwa mkono wake mzima, akaifunga, taratibu, kama anavyofunga kifuniko cha redio isiyotengenezeka, akageuza uso upande wa barabara.

Hakuwahi tena kukaa mbele ya nukta, za kweli wala za uongo.

Likizo iliisha. Niliomba chuo kikuu kiniongezee muhula mmoja, kikakubali. Kundi lilitafuta miezi minne, sehemu Koboko kwa sola na sehemu Awindiri kwa umeme wa mji unaokatika, na halikupata saketi inayotimiza kila kitu. Lilichopata ni amplifaya iliyotulia kwenye joto lakini inakula umeme zaidi ya tulivyotaka. Msimamizi aliniambia kazi halisi ndivyo ilivyo, niandike hivyo hivyo bila kuficha. Nikaandika. Nikapita, si kwa sifa, nikapita.

Kaka alitaka kumpeleka baba kwa mganga upande wa pili wa mpaka, katika mji wa Kaya. Mama akakataa. Mimi sikusema ndiyo wala hapana, na hilo kaka hajanisamehe, maana alitegemea aliyesoma ndiye atakayejua. Daktari alipomwona tena alisema kilichorudi katika miezi ya kwanza ndicho karibu chote kitakachorudi.

Nilikwenda kuwaambia habari ya shahada Jumapili moja alasiri. Walikuwa uani, wamekaa kwenye mkeka. Mama alikuwa anapepeta mbegu za simsim, baba ameegemea ukuta, blanketi miguuni ingawa hapakuwa na baridi. Amekonda. Nilikaa karibu naye nikamwambia, "Baba, mimi namaliza. Napita."

Alinigeukia. Akaniangalia kwa muda, macho yakaanza kung'aa, na kinywa kikafunguka. Niliuona ulimi ukipanda, ukitafuta mahali. Mshipa wa shingo ukamtoka. Mama aliacha kupepeta. Nilijua kuna neno linakuja, si lile moja, na sikujua nifanye nini nalo: nimtajie majina yote ninayoyajua mpaka nilipate, au ninyamaze asije akapotea njia. Nilinyamaza. Kuku mmoja akapita juu ya mkeka, akaanza kudonoa simsim kwenye ungo wa mama, na hakuna aliyemfukuza.

Kinywa kikajifunga. Baba akashusha pumzi, akatazama mikono yake.

"Leta yeye maji," mama akaniambia, akaanza kupepeta tena. Nikainuka, nikaenda kuleta.